Kutoka Nakivale Hadi Mbarara: Vilima vya Isingiro kwa Baiskeli

Mto Rwizi hupita mjini Mbarara, kisha huteremka kuelekea mashariki hadi kwenye mfuatano wa maziwa ambamo yamo Mburo na Nakivale. Maji hufuata bonde na kuvizunguka vilima. Mwendesha baiskeli atokaye Nakivale kwenda Mbarara hana hiari hiyo: huenda kinyume cha maji, na barabara ipitayo mji wa Isingiro na Kaberebere huvikabili vilima uso kwa uso. Ni safari ya kilomita 60 hivi. Kwa gari ni jambo dogo. Kwa miguu miwili na mnyororo mmoja ni kazi ya kutwa nzima.

Nakivale si kambi ya mahema kama wengi wanavyodhani. Ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Leo yana watu zaidi ya 100,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na wengi wao hulima vishamba walivyogawiwa. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi sita tuliofunga safari Jumamosi ile: vijana watatu wa Kikongo, karani mmoja na mwalimu mstaafu wa Mbarara wenye baiskeli za gia, na mimi. Hapakuwa na kikombe wala refa, na hakuna aliyelipwa hata senti.

Kijana mkubwa kati ya wale watatu alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, yenye keria nyuma na breki za vyuma, isiyo na gia yoyote. Chombo cha namna hiyo huwa na uzito wa karibu kilo 20. Alikuwa ameapa kufika Mbarara bila kugusa ardhi kwa mguu wakati wa kupanda. Mara mbili alikwisha kujaribu, na mara mbili alisukuma.

Mama yake alitupa viazi vitamu vya kuchemsha na chupa mbili za obushera, uji wa mtama uliochachushwa, kinywaji ambacho watu wa Ankole wanakienzi. Si zawadi ndogo. Mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa katika orodha. Apandaye mlima huteketeza chakula kama tanuri iteketezavyo kuni. Kikimwishia, miguu hulegea ghafla, macho huona giza, na ushujaa hausaidii. Wazazi wenye vijana wapendao baiskeli wazingatie hili: chakula cha safari huliwa kabla njaa haijabisha hodi, kidogo kidogo, na maji hali kadhalika.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Vumbi la makazini likatufuata mpaka jua lilipochomoza juu ya migunga na ng'ombe wa pembe ndefu. Kisha nchi ikabadilika, migomba ikatanda kila upande, na barabara ikaanza kuinuka. Mwenye gia hupanda kwa kuzungusha miguu upesi akiwa amekaa kitini. Asiye na gia husimama juu ya pedali na kuinamisha baiskeli kulia na kushoto, akiutumia uzito wa mwili wake wote. Nilimsikia kijana akihema nyuma yangu, halafu kando yangu, halafu mbele.

Tarehe 28 Septemba 2025, mjini Kigali, yalihitimishwa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Wanaume walikwenda kilomita 267.5 katika vilima vya mji ule, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Vijana wa Nakivale wanaijua habari hiyo neno kwa neno. Iliwafurahisha hasa kusikia kwamba mabingwa nao hushindwa na kilima.

Baada ya mji wa Isingiro tulishika lami. Wasomaji wetu wazee, hasa wale waliokuwa jeshini, huenda wakakumbuka nchi hii kwa Februari 1979, majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mbarara; aliyeupanda mwinuko wa Isingiro na mzigo mgongoni hahitaji maelezo yangu.

Katikati ya mpando mrefu tulimkuta mzee akisukuma baiskeli yenye mikungu minne ya matoke. Mnyororo ulikuwa umekatika, na mzigo unamrudisha nyuma.

"Wewe endelea," nilimwambia kijana. "Sisi tunatosha."

Hakunijibu. Alishuka, akaiegemeza baiskeli yake kwenye mgomba, akashika keria ya mzee. Tulisukuma hadi kileleni, jasho likitutiririka.

Tuliingia Mbarara alasiri. Tulikunywa maziwa, ambayo mji ule hauyakosi, na vijana wakanunua tyubu mbili. Mwalimu akamwambia kijana achukue baiskeli yake ya gia kwa jaribio la nne.

"Asante, Mwalimu, lakini hapana," alisema. "Watasema ni gia ndiyo iliyopanda."