Mwezi Uliolala

Mtihani wa ujirani mwema ulitaka mchoro wa mwezi mwandamo. Binti mmoja wa darasa langu la tano aliuchora umelala kama bakuli. Akakosa alama, kwa sababu kitabuni umesimama kama mundu.

“Mwalimu, nichore wa kitabu au ninaouona?”

Swali zito hilo, maana alama ndizo zinazompeleka mtoto mbele. Moshono iko nyuzi 3 na ushee tu kusini mwa ikweta. Jua letu huzama karibu wima, kwa hiyo jioni huwa chini ya mwezi na kuumulika tumbo. Mundu wa kitabuni ni wa huko Ulaya, ambako jua huzama kwa mshazari.

Tukafunga madirisha. Chungwa moja, tochi ya simu, watoto 70 wakigombea nafasi. Tochi nyuma ya chungwa, kwa chini: bakuli. Kwa pembeni: mundu. Nilipotaja Zuhura wakacheka; kwao hilo ni jina la shangazi wa mtu.

Nilimrudishia alama yake kwenye daftari. Kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani bado imepungua.