Mgeni Mwenye Maua Mekundu

Jumamosi moja ya Januari, jua la kiangazi likiwa limekausha nyasi zote, nilipanda matatu nambari 111 pale Railways, katikati ya jiji la Nairobi. Nilikuwa na binti yangu wa miaka tisa, na kamera shingoni. Tulifuata barabara ya Ngong, tukapita Dagoretti Corner, tukashuka Karen.

Shabaha yetu ilikuwa mgunga mmoja tuliouona wiki iliyotangulia kupitia dirisha la matatu. Ulikuwa umepukutisha majani, lakini ukiwaka maua mekundu kama makaa.

"Mama, mbona majani mabichi yako penye maua peke yake?" binti yangu aliuliza tulipoukaribia.

Kumbe maua hayakuwa ya mgunga! Yalikuwa ya kirukia, mmea unaoota juu ya matawi ya mti mwingine. Kirukia hakina mizizi ardhini. Hujipenyeza ndani ya tawi na kunyonya maji na madini ya mwenyeji wake, ingawa chakula hujitengenezea kwa majani yake. Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, huja kufyonza utamu, na ua likiguswa hufyatuka na kumpaka chavua. Ndege wengine hula matunda. Mbegu hunata kama gundi, na ndege apangusapo mdomo kwenye tawi, tayari amekwisha kupanda kirukia kipya.

Nilikuwa nimepiga picha kama ishirini hivi mlinzi wa nyumba ya jirani aliponijia akicheka.

"Mama, unapiga picha ugonjwa. Hebu zunguka upande wa pili."

Nilizunguka. Matawi ya huko yalikuwa yamekauka, na virukia vilivyokaa juu yake vimekauka pia.

"Kwa hivyo mgeni amekufa pamoja na mwenyeji?" binti yangu aliuliza.

Sikujibu upesi. Nilipokuja mjini kusomea uandishi, niliishi kwa kaka yangu Kawangware miaka miwili, nikila ugali wake na kuoga maji aliyonunua kwa mtungi. Siku hizi hata simu simpigii.

Niliipiga picha ile ya matawi makavu. Wakati wa kurudi tulishuka Dagoretti Corner, tukanunua sukari na unga, tukapanda gari la Kawangware.

"Tunaenda wapi?"

"Kwa mjomba wako," nilimwambia.