Kumwagilia ukoka Mji wa Kale: pima kwanza, programu baadaye

Leo tunaipeleka kompyuta bustanini.

Mjomba wangu ana ua nyuma ya nyumba, hapa Mji wa Kale, wenye ukoka wa mita za mraba 30. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ukoka hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Akaniomba nimtengenezee kifaa cha kufungua bomba kila jioni kwa dakika 5. Kazi yenyewe si kubwa: vali ya umeme na mistari michache ya programu. Lakini nikamwambia, "Mjomba, saa haijui maji. Tupige hesabu kwanza."

Hesabu ni hii. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyasi wakati wa kiangazi hukadiriwa milimita 25 kwa wiki. Kwa hivyo 30 × 25 = lita 750, yaani mitungi 37 na nusu ya lita 20. Kila wiki!

Na kisiwa chetu hakina mto. Sehemu ya maji ya bomba hutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Yakikatika, watu hununua kwa mkokoteni. Jirani anahesabu mitungi ya kupikia, sisi tumwagie nyasi 37? Kisima cha ua kina maji, ila yana chumvi.

Mjomba akauliza, "Basi tuung'oe?" Hapana. Bibi hupumzika pale jioni, na nyasi hupoza ua. Tukakubaliana kubakisha mita za mraba 8 anapotandika mkeka wake, kwingine changarawe. Sasa ni lita 200, mitungi 10, na yote ya kisimani. Ukoka huvumilia chumvi kiasi.

Ukitaka kufanya hivyo kwako:

1. Jaza mtungi wa lita 20 kwa mpira wako, ukitazama saa. Wetu ulijaa kwa dakika 2, yaani lita 10 kwa dakika.

2. Gawa maji ya wiki mara mbili. Kwetu ni lita 100 kila mara, dakika 10. Maji kidogo kidogo kila siku huweka mizizi juu juu, na chumvi hubaki hapo hapo.

3. Mwagilia alfajiri. Mchana jua na upepo huyachukua. Usiku majani yakikaa na maji, ukungu huingia.

4. Baadaye chomeka bisibisi. Ikizama sentimita 15 bila taabu, yametosha. Udongo wetu wa mchanga na matumbawe hupitisha maji haraka; ukizidisha, yanapita mizizi bure.

5. Usikate fupi mno. Majani marefu kidogo huukinga udongo na jua.

Baada ya hapo ndipo nikaandika programu. Ina sharti moja muhimu: kopo la kupimia mvua likionyesha milimita 25 wiki hiyo, vali haifunguki. Kuanzia Aprili hadi Juni, masika huimwagilia bure na kuosha chumvi iliyobaki.

Wiki ijayo inshallah nitaonyesha nyaya zake. Kwa leo, tafuta mtungi na saa.