Pampu ya Mjomba kule Mlali

Likizo ya Juni nilimwahidi mwanangu kwamba tutapanda milima ya Uluguru. Hatukupanda. Siku mbili nzima tulikaa chini ya mwembe kijijini Mlali, mikono inanuka petroli.

Kutoka Msamvu si mbali. Ukishika barabara ya Iringa, Uluguru inakufuata kushoto muda wote, ukungu umekalia vilele, na unapita bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro. Sangasanga unaiacha lami kuu, unapita Chuo Kikuu cha Mzumbe, kisha harufu inabadilika: udongo uliomwagiliwa na majani ya nyanya. Malori ya kabichi na karoti yanashuka kutoka Mgeta, vibarua wamekaa juu ya mzigo.

Babu tuliyemwendea ni mjomba wangu, kaka wa mama. Kwetu Waluguru ardhi ya ukoo hupita upande wa mama, kwa hiyo bustani ile inamhusu mwanangu kuliko anavyojua. Yeye amekulia Dar es Salaam na anaamini maji yanazaliwa bombani.

Tulimkuta Mjomba na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mzani ulikuwa umeshaning'inizwa kwenye tawi la mwembe, na chini yake pampu ya maji ya petroli, kutu ubavuni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibuni. Mmekuja siku ya mazishi."

Pampu ilikuwa stoo tangu mvua za vuli. Masika ilipokatika akaitoa, ikagoma. Fundi mmoja akavuta kamba mara kumi, akatamka kuwa injini imekufa, akachukua hela yake. Wakati huohuo nyanya zilikuwa kwenye maua, na nyanya ikikosa maji wakati wa maua huyadondosha. Pampu ya kukodi ililipiwa kila siku, taslimu. Nilimwomba yule mnunuzi atupe hadi Jumatatu. Akacheka, akafungua mzani wake.

Nimekulia kwenye karakana ya baba, kwa hiyo nilianza na kamba. Nilimwambia mwanangu aivute polepole. Ilikaza kidogo, kisha ikaachia. Hiyo ni dalili njema: ndani bado kuna mgandamizo. Kama ingekuja laini kama kamba ya kuanikia nguo, ningemwita yule bwana arudi na mzani. Si kila mashine inastahili kuokolewa.

Kisha tukafungua tangi na kunusa. Petroli iliyolala miezi saba hainuki petroli tena, inanuka rangi iliyochacha. Sehemu yake nyepesi huruka, inayobaki huganda kama gundi ndani ya kabureta na kuziba tundu jembamba kuliko sindano. Kaka yangu aliyeko Canada aliniambia kwenye simu kwamba huko wana ugonjwa huohuo kwenye mashine za kuondoa theluji: zinalala kiangazi kizima, theluji ya kwanza ikianguka mtaa mzima unavuta kamba bure.

Hapa wazazi wenzangu nisikilizeni. Mwanangu alitaka kunyonya petroli kwa mpira, kama alivyoona vijana wa bodaboda wakifanya. Nilimzuia kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Petroli ikiteleza mapafuni inaua, na mtoto aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Stoo nilikuta nyingine kwenye chupa ya soda, kando ya kopo la chumvi. Mjomba alinuna nilipoihamishia kwenye dumu na kuandika kwa maki. Na injini iwashwe nje tu, kamwe si ndani ya stoo, kwa sababu moshi wake una sumu usiyoiona wala kuinusa.

Kikombe cha chini ya kabureta hushikwa na boliti moja. Ndani tulikuta uji wa kahawia. Tulikiosha kwa petroli mpya, tukazibua jeti kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, maana chuma kigumu hulipanua tundu. Plagi ilikuwa nyeusi, tukaipiga brashi. Sponji ya kuchuja hewa tuliifua kwa sabuni tukaianika juani. Oili ilitoka kama lami. Mpya iliingia kidogo zaidi ya nusu lita.

Ile ya zamani Mjomba alitaka kuimwaga kichakani. Nikamkumbusha kuwa mto Mlali unaingia Mindu, na Mindu wanakunywa wajukuu zake. Ikaenda kwenye dumu.

Jaribio la tano, injini ikakohoa, ikawaka. Mwanangu akaruka. Maji hayakutoka.

Saa mbili tulitafuta. Tatizo lilikuwa washa iliyopasuka pale mpira wa kunyonya unapoungana na pampu, ikavuta hewa badala ya maji. Kesho yake nilienda mjini, kwenye maduka ya vipuri karibu na Soko la Chifu Kingalu, nikarudi na washa ya bei ya soda. Tukajaza maji ndani ya pampu kabla ya kuwasha, jambo ambalo yule fundi hakulifanya. Mpira wa kusukuma ni mrefu, kwa sababu bustani iko nje ya mita 60 za kingo za mto, kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Tulisimama upande wa matuta tukingoja. Kwanza upepo, halafu matope, halafu maji.

Jumatatu mnunuzi alipita. Mjomba akampa feni mbovu.

Kabla ya kuondoka mwanangu alikata kipande cha boksi, akaandika na kukipigilia mlangoni mwa stoo: "Ukimaliza msimu, funga koki ya mafuta, acha injini izime yenyewe, mwaga yaliyobaki kwenye tangi."

"Maandishi haya nayasoma na macho gani?" Mjomba akauliza.

"Nitakupigia simu, babu. Mwezi gani?"

Mjomba akatazama mlimani, mawingu yalikokuwa yamekaa. "Wa kumi na moja. Kama vuli itakuja kwa wakati."