NANI MWAMUZI WA NGOMA?

Ndugu msomaji, bila shaka na wewe una upande. Kama unakaa Usukumani, huenda wewe ni Mgika au Mgalu. Kama unakaa kwingine, unayo timu yako ya mpira au kikundi chako cha ngoma. Mimi ni Mgalu. Baba yangu alikuwa Mgalu. Mke wangu ametoka kwa Wagika, na shemeji yangu hanipi nafasi ya kupumua tangu mavuno yalipokwisha mwaka jana.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalotugombanisha mimi na yeye. Nani anastahili kusema kwamba ngoma hii ni nzuri kuliko ile?

Kwanza nieleze desturi yetu kwa wasioijua. Zamani, zaidi ya miaka 100 iliyopita, walikuwako Usukumani watu wawili mashuhuri kwa ngoma na kwa dawa. Mmoja aliitwa Ngika. Mwingine aliitwa Gumha. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, yaani Wagika. Wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, yaani Wagalu. Hao wawili walishindana, na mpaka leo watu wao wanashindana.

Mashindano hufanyika baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, wakati chakula kiko ghalani na watu wana nafasi. Vikundi viwili huja katika uwanja mmoja. Kila kikundi kina sehemu yake. Vyote viwili huanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna karatasi ya kura. Hakuna mtu aliyekaa mezani na kalamu. Wewe mtazamaji unakwenda kwa kikundi kinachokuvutia. Ukichoka, unahamia kwa wenzao. Mwishoni, kikundi chenye watu wengi zaidi ndicho mshindi. Kura yako ni miguu yako.

Ukitaka kuona mambo haya, nenda Bujora, Kisesa, karibu na mji wa Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo. Kwa kawaida huwa mwezi wa Juni. Bulabo maana yake ni maua. Hapo Bujora pana makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Nenda mapema. Ukichelewa utaona visogo vya watu tu.

Sasa fikiri. Kama mshindi ni mwenye watu wengi, basi kila manju hukosa usingizi akiwaza namna ya kuwavuta. Huyu anashona mavazi mapya. Yule anachonga sanamu ya kuchekesha. Mwingine anakuja na chatu mzima, anamvaa shingoni kama skafu. Chatu akitolewa kwenye gunia, hata mzee mwenye mkongojo anakimbia kwenda kutazama. Wengine husema ni dawa inayovuta watu. Mimi simkatazi mtu kuamini lake, lakini dawa ninayoijua mimi ni mazoezi.

Ngoma ninayoipenda kuliko zote ni bugobogobo, ngoma ya majembe. Ilitoka shambani. Watu walikwenda kulima kwa pamoja, ngoma ikipigwa mbele yao, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Kazi ya siku tatu ikaisha kwa siku moja. Uwanjani ni hivyo hivyo, ila sasa jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa kwa mpini bila kutazama. Watu 20 wakidaka majembe kwa pamoja, utasikia mlio mmoja tu. Kifua chako kinajaa. Hata ukiwa na deni dukani, kwa dakika hiyo umelisahau.

Shemeji yangu husema, "Shemeji, ninyi Wagalu mnacheza vizuri, lakini watu wako kwetu." Mimi humjibu, "Watu wamemfuata chatu, hawakuifuata ngoma." Hapo ndipo ubishi unapoanza, na chai inapoa.

Ubishi huu si wetu peke yetu. Binti yangu, ambaye anafanya kazi mjini, alinionyesha katika simu yake mashindano ya densi ya Uingereza. Yanaitwa Strictly Come Dancing. Yalianza mwaka 2004 katika televisheni ya BBC. Watu mashuhuri, kama waigizaji na wachezaji wa mpira, hupewa kila mmoja mwalimu wa densi. Wawili hao hucheza pamoja, juma baada ya juma. Waamuzi wanne hukaa mezani. Kila mmoja hutoa alama, mwisho ni 10, na jumla ikifika 40 hakuna zaidi. Lakini watazamaji nao hupiga kura kutoka nyumbani kwao. Alama za waamuzi na kura za watu huunganishwa. Siku ya fainali, kura za watu peke yake ndizo huamua.

Mwaka 2008 ulitokea mgogoro. Alikuwako mwandishi wa habari mmoja, John Sergeant, mwenye umri wa miaka 64. Alikuwa mzito wa miguu. Katika densi moja alimkokota mwenzake sakafuni kama gunia la pamba. Waamuzi walimpa alama za chini kabisa. Lakini watu walimpenda, wakampigia kura, akabaki, na waliocheza vizuri kuliko yeye wakatolewa. Waamuzi wakakasirika. Mashabiki wakagawanyika. Wengine walisema, "Haya ni mashindano ya densi, si ya vichekesho." Wengine wakajibu, "Kura ni yetu, na sisi huyu anatufurahisha." Mwishowe, mwezi wa Novemba, Sergeant mwenyewe alijitoa. Aliona kuna hatari ya kushinda kweli!

Nilicheka sana. Nikamwambia binti yangu, "Huyo ndiye chatu wao."

Lakini alinionyesha na jambo jingine, na hilo sikulicheka. Mwaka 2021 aliingia dada mmoja mwigizaji, Rose Ayling-Ellis. Ni kiziwi. Hakuwahi kuingia kiziwi katika mashindano yale kabla yake. Siku moja, katikati ya densi, muziki ulizimwa kwa makusudi. Kimya kikatanda. Yeye na mwenzake wakaendelea kucheza bila kukosea hatua, ili watazamaji wajue anavyoishi yeye. Kisha muziki ukarudi. Mwezi wa Desemba mwaka huo, watu walimpa ushindi. Na mwaka 2024 alishinda mchekeshaji Chris McCausland, ambaye haoni.

Nakueleza haya kwa sababu kijijini kwetu tuna kijana kiziwi. Ana miaka 19. Tangu utoto anakaa karibu na ngoma kubwa, amegusa ubao wake kwa kiganja. Husikia kwa mkono na kwa nyayo. Mwaka jana manju wetu alimweka mstari wa mbele wa bugobogobo, kushoto kabisa, hatua mbili kutoka kwenye ngoma. Mashabiki wetu wakapiga kelele. "Atavuruga mstari! Wagika watatucheka!" Mama yake alisimama pale, akisikia kila neno.

Manju ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Njooni mazoezini."

Tulikwenda. Ilikuwa jioni, ngozi za ngoma zikiwa zimekwisha kuota moto. Katikati ya mchezo ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka. Wenye masikio wakababaika. Majembe mawili yakaanguka, nusura yamkate mtu mguu. Kijana yule aliendelea. Jembe lake lilipanda na kushuka sawasawa, na mmoja baada ya mwingine wakamtazama yeye, wakaingia katika mwendo wake. Walimaliza wimbo mzima hivyo, bila ngoma kubwa. Hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja aliyekuwa amepiga kelele kuliko wote alikwenda kuyaokota majembe yaliyoanguka.

Utauliza, je, mlishinda? Hatukushinda. Asubuhi watu walikuwa kwetu, wamejaa mpaka kwenye miembe. Mchana Wagika wakafungua gunia lao, na wewe unajua kilichokuwa ndani. Watu wakahama kama mbuzi walioona chumvi. Nilibaki na mke wangu, na yeye alibaki kwa heshima tu.

Sasa mwaka huu mashabiki wengine wa upande wetu wanasema tulishindwa kwa sababu ya yule kijana. Wanataka arudishwe nyuma, au aachwe kabisa. Mimi nilikuwa pale. Niliwaona watu walipokwenda, na niliona walichokwenda kutazama. Hakuna mtu aliyeondoka kwetu kabla gunia halijafunguliwa. Tena wakati watu wanaondoka, kijana yule aliendelea kucheza uso ukiwa na furaha, maana alikuwa ameupa uwanja mgongo, na mdundo ulikuwa bado unamfikia miguuni.

Kikao cha kikundi ni Jumapili ijayo, chini ya mwembe wa shule. Nitasema haya niliyokuandikia. Nitaomba abaki pale pale, kushoto, hatua mbili kutoka kwenye ngoma, na kwamba mdogo wake, anayejua lugha ya alama, aje kikaoni ili naye ajue tunasema nini juu yake, aseme na lake. Mwaka jana hakuna aliyemwuliza.

Shemeji yangu amesikia habari za kikao hicho. Amenituma salamu. Anasema mwaka huu wanaleta chatu wawili.