Hesabu ya Siku

Wakati ni mmoja, lakini vipimo vyake ni vingi. Hapa Kericho, ambako chai huchumwa mwaka mzima, shamba lina zamu zake za kuchuma, serikali ina kalenda yake ya jua, Mwislamu hungoja mwezi mwandamo, na Mhindu hufungua kitabu kiitwacho panchanga, yaani viungo vitano.

Nilikiona kitabu hicho kwa jirani yetu, mzee mwenye duka. Nikamwuliza, "Mzee, kalenda ya ukutani haikutoshi?" Akajibu, "Mwanangu, ile hunionyesha siku ya kulipa kodi. Hiki hunionyesha siku ya mama yangu." Mama yake alikwisha kufariki, naye humkumbuka kila mwaka kwa dua na sadaka, si kwa tarehe, bali kwa tithi.

Tithi ni nini? Ni muda ambao mwezi hutumia kulitangulia jua kwa nyuzi 12 za mzunguko wa mbingu. Mzunguko mzima una nyuzi 360. Basi mwezi mmoja una tithi 30. Mwendo wa mwezi haulingani sikuzote, kwa hiyo tithi moja yaweza kuwa ya saa 19 hivi, na nyingine ya saa 26 hivi. Siku hupewa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza.

Hapo pana jambo la ajabu. Tuseme tithi ya kumi inakwisha saa moja asubuhi huko Bara Hindi, baada ya jua kuchomoza. Saa za Kenya ziko nyuma kwa saa mbili na nusu. Kwetu ni saa kumi na nusu alfajiri, na jua la Kericho bado halijatoka. Litakapotoka litaikuta tithi ya kumi na moja. Basi siku ile ile ni ya kumi kule, na ya kumi na moja hapa. Atakaye kumkumbuka mama yake siku iliyo yake hana budi kulitazama jua la Kericho.

Miezi 12 ya namna hii ni siku 354 tu. Waislamu huiacha hivyo, na Ramadhani huzunguka majira yote. Wahindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi. Ndiyo sababu Diwali haitoki katika Oktoba na Novemba.

Panchanga huonyesha pia saa njema za kufunga ndoa au kufungua duka. Mimi siamini kwamba nyota huleta wateja. Lakini, msomaji, usiicheke hesabu hiyo. Waswahili wa pwani nao walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua wakati wa kulima na wa kusafiri. Na Wakipsigis, kama Waswahili, huuita mwezi wa angani na mwezi wa siku kwa neno moja, arawet. Kila watu huhesabu kile wasichotaka kukisahau. Ukitaka kumjua jirani yako, uliza siku zake huzipimaje, na kwa ajili ya nani.