Barua kutoka Guangzhou: Mkono wa chuma haukuilisha China

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Huku WhatsApp imefungwa, hivyo ujumbe wa kundi la ukoo hunifikia kwa mafungu ninapovuka kwenda Hong Kong. Safari hii zilimiminika picha za treni za kasi na maghorofa ya Shenzhen, na chini yake mjomba kaandika kwamba nasi tunahitaji mkono wa chuma, vyama vingi vinatuchelewesha. Binamu wote wakaitikia. Nimekasirika.

Shikamoo mjomba. Treni ni za kweli, nazipanda. Benki ya Dunia inasema karibu watu milioni 800 wametoka kwenye umaskini uliokithiri katika miaka 40 hivi, na silibishi hilo. Lakini mkono wa chuma ulikuwapo tangu 1949. Ulikuwapo mamilioni walipokufa njaa kati ya 1959 na 1961. Na waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, alipothubutu kumkosoa Mao, alifukuzwa kazi.

Nafuu ilikuja mkono ulipolegea. Mwishoni mwa 1978, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, walikutana kwa siri usiku, wakaandikiana kugawana mashamba ya pamoja ili kila kaya ilime lake. Wakatia dole gumba kwa wino mwekundu. Humo waliahidiana kwamba wenzao wakifungwa au kuuawa, watakaobaki watalea watoto wao hadi wafike miaka 18. Mtu anahatarisha kichwa chake ili aachwe alime! Mwaka uliofuata mavuno yalipanda mno, na baadaye serikali ya Deng Xiaoping ikaacha nchi nzima ifuate. Shenzhen yenyewe ilifanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980. Nasi tunayajua haya: maduka yetu yalijaa enzi za rais wetu wa zamani tuliyemwita Mzee Ruksa, serikali ilipoachia.

Ila Deng alifungua soko, vinywa akaviacha vimefungwa. Juni 1989 jeshi liliwaua waandamanaji Beijing. Na ruhusa ya mtawala hunyang'anywa wakati wowote: Oktoba 2020 tajiri Jack Ma aliwakosoa wasimamizi wa fedha hadharani, siku chache baadaye hisa za kampuni yake ya Ant Group zikazuiwa zimebaki siku mbili ziingie sokoni. Kama tajiri yule alinywea, mwenye kibanda angemlilia nani? Aprili mwaka huohuo, hapa Guangzhou, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, wengine wakalala barabarani. Hawakuwa na mbunge wa kumpigia simu.

Kwa kuwa huku hamna wa kumlilia, mnaokuja kufuata mzigo, shikeni haya. Pakueni WeChat mkiwa bado nyumbani. Ukifikia kwa rafiki badala ya hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Mkataba uwe wa Kichina na upigwe muhuri mwekundu wa kampuni. Usiridhike na saini tupu. Toa malipo ya awali tu, salio ulipe ukishaukagua mzigo, kabla kontena halijafungwa. Na siasa za watu msizitie kwenye simu.

Mjomba, ni wewe uliyembana mwenyekiti wa mtaa mpaka akasoma mapato na matumizi mbele ya mkutano. Huku ungeitwa kituoni. Idai serikali ipunguze utitiri wa vibali na ushuru unaomkaba mama muuza mboga, na uidai kwa sauti ileile. Lakini tafadhali, usimwombe mtu yeyote aje atunyamazishe.